Sijakaza

Kaka yake alilikata neno lake katikati, akaitupa nusu moja, na kwa nusu iliyobaki akamvunjia jina mbele za watu. Huo ndio ubaya aliotendewa Mama Bushi, na hauna haja ya kuzungushwa. Wapo watakaosema neno ni upepo tu. Waacheni waseme. Hao hawajawahi kupitwa njiani kama mti na mtu aliyewazalisha watoto wao.

Jina la Mama Bushi hakupewa na wazazi. Chini ya gari, pale mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele unapofungwa kwenye mwili wa gari, hukaa kipande cha mpira mzito chenye bomba la chuma katikati. Mafundi hukiita bushi. Bushi ndiyo inayomeza mashimo ya barabara ili mgongo wa dereva usiyameze. Ikichoka, gari hugonga mbele, ko, ko, ko, kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Kazi ya kuzitoa na kuzirudisha ilikuwa yake tangu akiwa msichana, baba yake alipogundua kwamba mkono wake mwembamba unaingia mahali ambapo mikono ya wanaume inagoma. Kaka yake alivaa sare akaenda shule. Yeye alivaa kaptura kuukuu ya kaka yake akaingia chini ya gari.

"Huyu naye akisoma, nani atanishikia?" baba aliuliza, na kwa kuwa alijiuliza mwenyewe, alijijibu mwenyewe.

Baba alipokufa, gereji ilikwenda kwa mtoto wa kiume kama maji yanavyokwenda bondeni. Kaka akaandikisha jina lake ukutani kwa rangi ya buluu. Dada akabaki na bushi.

Na kitu kimoja zaidi alibaki nacho: bushi haikazwi hewani. Gari likiwa juu ya jeki, mikono yake ya mbele huning'inia. Ukikaza boliti hapo, mpira unashikwa ukiwa umening'inia, na siku gari likishuka chini mpira unajinyonga, unajinyonga, hadi unachanika. "Mtu ukimfunga mkanda amelala," baba alikuwa akisema, "akikaa utamkata tumbo." Kwa hiyo boliti hutiwa kwa vidole, gari hushushwa likasimama kwa uzito wake, na hapo ndipo spana hufanya kazi. Mafundi wengi huona huo ni usumbufu wa bure. Kaka yake alikuwa mmoja wao.

Katika mtaa ule palikuwa na mkunga aliyekuwa na gari dogo la zamani, rangi ya maharage, lililogonga mbele kiasi kwamba watu walilala wakijua mtoto anazaliwa mahali fulani kwa kulisikia likipita. Mkunga huyo ndiye aliyempokelea Mama Bushi watoto wake wawili. Wa tatu hakupumua. Mkunga alimfunika, akamweka mapajani mwa mama yake, akakaa kando ya kitanda bila kusema lolote mpaka mama alipoweza kulia. Mtu kama huyo humwiti mteja.

Siku alipoleta gari lake, Mama Bushi alifungua mbele yote. Bushi zilikuwa zimepasuka kama visigino vya mtembea kwa miguu. Boljointi nazo, vile viungo vyenye kichwa cha mviringo kama nyonga ya kuku, ambavyo hulibeba gurudumu na kuliruhusu kugeuka, zilikuwa zinacheza upande wa kushoto na upande wa kulia.

"Kaka, boljointi zote mbili zimekufa."

"Umeshazizika?"

"Usinichekeshe mikono imejaa grisi. Lete mbili, na bushi zake."

"Naleta, daktari wa vyuma."

Alileta bushi zote, na boljointi moja ndani ya boksi lake. Ya pili, akasema, inakuja jioni. Mama Bushi akatia bushi pande zote mbili, akamaliza upande wa kushoto na boljointi yake mpya. Ndipo ikaja habari kutoka hospitali: mama yao, aliyekuwa amelazwa huko, alikuwa anamwita.

"Nenda wewe," kaka akasema. "Huo wa kulia nitaumalizia mimi."

Alinawa mikono kwa mafuta ya taa na maranda, akajifunga kanga. Alipofika langoni alikumbuka, akageuka. Jirani yao seremala alikuwa anaweka ubao kwenye msumeno wa umeme. Mama wa chai alikuwa anaosha vikombe. Akapaza sauti ili kaka asikie: "Sijakaza! Shusha gari kwanza, likisimama ndio ukaze!"

Neno la kwanza lilitoka msumeno ukiwa kimya. Yaliyofuata yaliliwa na ubao. Lakini kaka yake alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na aliinua kidole gumba kuonyesha amesikia yote.

Boljointi ya pili haikuja jioni, wala haikuwa na mpango wa kuja. Kuna ujanja wa zamani katika gereji. Boljointi iliyokufa huoshwa kwa petroli, hushindiliwa grisi nzito ili isicheze mkononi, huvalishwa mpira mpya juu, na hupakwa rangi nyeusi. Ikikauka, inang'aa kuliko mpya. Mafundi hucheka wakasema: mzee kavishwa kofia. Baba yao aliwahi kumfukuza fundi kwa ujanja huo. Ujanja huo ndio mwanawe alioufanya kwa gari la mkunga, akakaza kila kitu likiwa hewani, akaliosha, akalikabidhi.

Haikupita wiki. Mkunga alikuwa anateremka mlima akienda kwa mwanamke mwenye uchungu, na gurudumu la kulia likakunjika nje kama mguu wa mbuzi uliovunjika. Gari likaingia mtaroni. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilibanwa baina ya usukani na mlango. Yule mwanamke alijifungua mikononi mwa jirani, na mtoto akapona. Mkono haukupona. Uliunganishwa, ukakauka ulivyo, hauzunguki. Na mkunga hufanya kazi yake yote kwa kuzungusha mkono.

Mume wa mkunga alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alikuja gerejini akasimama uwanjani, watu wakaacha walichokuwa wanafanya.

"Nani alifunga gurudumu la mke wangu?"

Kaka alikuwa ameshalivuta gari, ameshakitoa kiungo kilichovunjika, na hakuna aliyekiona tena. Alipangusa mikono kwa kitambaa taratibu, kama mtu anayesikitika.

"Mzee, siwezi kukuficha. Ni dada yangu. Aliondoka hajakaza. Mwenyewe alisema." Akageuka. "Seremala, hukumsikia?"

Seremala hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Alijikuna shingo. "Nilimsikia. Alisema sijakaza."

"Hata mimi," mama wa chai akasema, macho yake yakiwa kwenye vikombe.

"Nilisema sijakaza kwa sababu—"

"Ulisema," mume wa mkunga akamkatiza, bila hasira, na hilo nalo lilikuwa baya kuliko hasira. Akaondoka.

Mama Bushi alimfuata kaka yake stoo, kati ya matairi. Kaka hakukana. Hata hakupunguza sauti.

"Ndiyo, nilimvisha mzee kofia. Sasa unataka nikatangaze? Jina langu liko ukutani pale. La kwako liko wapi?"

"Langu lilikuwa midomoni mwa watu."

"Basi. La mdomoni likipotea, hakuna anayefunga gereji. Langu likipotea, wewe na mimi na mama tutakula hizo bushi zako."

Dada alikwenda kwa mama, ambaye alikuwa bado kitandani hospitalini, amekonda hadi pete inazunguka kidoleni. Mama alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama, mwanaharamu ndiye aliyelishika kombe."

Mama akalia. Wazazi wengine wanajua kulia kama fundi anavyojua kupiga nyundo, palepale panapotakiwa. Kabla jua halijazama, binti alikuwa ameahidi: maadamu mama yu hai, hatamwaibisha kaka yake.

Kaka alimwambia akae nyumbani kidogo, watu wasahau. Watu hawakusahau. Wenye magari walipoleta magari gerejini waliuliza kwanza, nusu kwa mzaha, "Leo nani anakaza?" na kaka akacheka nao. Gari la mkunga alilitengeneza upya bila malipo, na kila lilipogonga tena alilirudia bure, na kwa hilo akasifiwa mtaa mzima. Walisema kaka mtu anabeba dhambi za dada mtu. Mama Bushi alipigilia bati nne kando ya barabara akaanza kuziba matairi, kwani tairi linalovuja halimchagui mzibaji. Mkunga alipita pale mara nyingi, ameketi kiti cha abiria, mpwa wake akiendesha. Uso wake ulitazama mbele. Siku hizo alikuwa anaingia vyumba vya uzazi na kuwaelekeza wengine kwa mdomo, na waliomwona walisema mkono wake ulio mzima ulikuwa ukisogea peke yake hewani.

Mume wa mkunga alifariki. Mama Bushi alikwenda mazishini akakaa nyuma kabisa, na hakuna aliyemwambia asogee.

Kisha mama naye alifariki. Matanga yalipokwisha, alimfuata kaka yake uani.

"Mama hayupo tena. Ahadi yangu nimeizika naye. Sasa sema."

"Kaburi halijakauka, wewe unatafuta ugomvi."

Alijaribu kusema mwenyewe. Alimwambia seremala, alimwambia mama wa chai. Walimsikiliza kwa upole, upole ule wa kumsikiliza mgonjwa. "Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?" mama wa chai aliuliza. "Mama kafa ndio unakumbuka?" Ahadi aliyoitunza ndiyo iliyogeuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Asubuhi moja alikuwa anakwangua tairi la baiskeli aliposikia ko, ko, ko, kabla gari halijatokea kwenye kona. Hakuinua kichwa. Gari likapunguza mwendo, likasimama mbele ya bati zake, kwa sababu halikuweza kwenda mbele zaidi. Mpwa wa mkunga, mwanamke mtu mzima aliyeendesha kama aliyebeba trei ya mayai, akashuka. Mkunga alibaki ndani.

"Tairi limeisha upepo," mpwa alisema. "Tuzibie twende."

Mama Bushi alipapasa tairi la kulia. Upande wa ndani ulikuwa umeliwa hadi nyuzi. "Halizibiki. Na ukitia jipya litaliwa hivi hivi. Kinachokula kiko nyuma yake."

Kutoka ndani sauti ikasema, bila uso kugeuka, "Mwambie huyo fundi sina haraka ya kufa."

"Mwambie shangazi yako ashuke," Mama Bushi akamjibu mpwa. "Gari haliinuliwi likiwa na mtu ndani."

"Mwambie kwamba kaka yake alisema ni uzee tu wa gari."

"Mwambie uzee hauli tairi."

Wakaendelea hivyo, kama wake wenza wanaotumiana salamu kwa mtoto, mpaka mpwa akasema, "Jamani, nami nina masikio mawili tu." Mkunga akashuka. Akaenda kuketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mbali kidogo, mkono wake mbovu mapajani.

Mama Bushi aliinua gari, akatoa magurudumu ya mbele. Bushi za pande zote mbili zilikuwa zimejinyonga na kuchanika, bado changa, mpira bado mweusi. Zilikazwa hewani. Aliitazama boljointi ya kulia. Ilikuwa na kofia safi. Akaingiza bisibisi chini ya mpira, akaubandua, na ndani yake akaona kutu nyekundu na uji wa grisi.  Mtu amevunja mkono wa mwanamke kwa ujanja huu, halafu akarudia ujanja ule ule kwenye gari lile lile, na kwa kuwa ni bure akashukuriwa. Alishikwa na kitu kama kicheko, lakini hakikutoka.

"Mwambie shangazi yako aje ashike."

Mkunga alikuja. Aliinama, akaushika mkono wa gari kwa kushoto, akautikisa. Vidole vyake vilikuwa vya mtu aliyezoea kujua mambo bila kuyaona. Akatikisa tena.

"Inacheza kama jino la mtoto," alisema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia yeye mwenyewe tangu siku ile. "Lakini hii ni mpya. Alinionyesha mwezi uliopita. Ilikuwa inang'aa."

"Kofia ndiyo mpya."

Mkunga aliutazama mpira ule mkononi mwa Mama Bushi. "Na ile ya kwanza?"

"Ya kwanza sikuiona. Aliitoa kabla sijafika. Lakini aliniambia kwa mdomo wake."

 Mkunga alirudi kwenye ndoo yake. Mpwa alitumwa dukani kwa boljointi mbili, bushi za pande zote na tairi. "Zilete zote," Mama Bushi alimwambia. "Usiniletee moja na ahadi."

Mpwa aliporudi, Mama Bushi akaanza kazi. Alisukuma bushi mpya mahali pake kwa jeki na kipande cha bomba, akafunga boljointi zote mbili, akazikaza, akarudisha magurudumu, akatia boliti za bushi kwa vidole. Kisha akanyooka, akapangusa jasho kwa kiwiko, na neno likamtoka kwa mazoea ya miaka yote:

"Sijakaza."

Mkunga alishtuka kama aliyeguswa na waya. "Unasema nini?"

"Nasema sijakaza bushi. Boliti nimezitia tu. Nashusha gari kwanza, likanyage haya magogo, nipate pa kuingia. Wewe na mpwa wako mtapanda, gari libebe mzigo wake. Likisimama ndio nakaza. Ukikaza likiwa hewani, zinachanika kama hizi."

Akazinyanyua zile zilizonyongeka. Mkunga alizipapasa kwa mkono wa kushoto.

"Na siku ile?"

"Siku ile nilisema hayo hayo. Msumeno ulikula nusu. Yeye alikuwa karibu, alisikia yote."

Gari likapanda magogo. Mpwa alivuta breki ya mkono, Mama Bushi akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mkunga alisimama kidogo kabla ya kupanda, kama mtu anayetaka kuuliza kitu, kisha akapanda. Mama Bushi aliteleza chini. Alisikia uzito wa yule mwanamke ukishuka juu yake, na mpira ukaupokea kimya. Akakaza upande wa kushoto.

Sauti ikaja kupitia sakafu ya gari. "Umemaliza?"

"Bado wa kulia."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama alikuwa hai. Nilimwahidi."

 "Mama yako nilimjua," mkunga akasema. "Nilimzalisha mdogo wenu wa mwisho. Kitu cha kwanza aliuliza, ni wa kiume? Hakuuliza kama analia."

Mama Bushi alikaza upande wa kulia. Spana ililia mara moja, ikanyamaza.

Mkunga alipiga simu mwenyewe. Kaka alikuja amevaa shati jeupe, akizungusha funguo kidoleni, akaanza na salamu ndefu. Kisha aliona boljointi ya zamani juu ya gunia, kofia yake imebanduliwa pembeni, na funguo zikaacha kuzunguka.

"Mama mkunga," akasema, "mambo ya ndugu yana pande mbili."

"Na kiungo hiki kina pande mbili. Nje kofia, ndani kutu."

"Dada, haya tutayamaliza nyumbani."

"Nyumba gani?" Mama Bushi akauliza. "Mama ndiye alikuwa nyumba."

"Ulimsema uwanjani kwako," mkunga akasema, "mbele ya seremala, mama wa chai na mume wangu. Mume wangu amekufa na nusu yako masikioni. Waliobaki wako pale pale. Twende sasa ukawamalizie."

Kaka alitoa simu mfukoni, ingawa haikulia, akaitazama. "Nina mteja ananisubiri." Aliinama kuokota ile boljointi kana kwamba anasafisha njia. Mama Bushi aliikanyaga. Wakabaki hivyo kidogo, yeye ameinama, dada amesimama. Kisha akajinyoosha, akakung'uta goti la suruali, akaondoka.

Mkunga hakuomba radhi. Alisema tu, "Nilimwamini mwenye shati safi." Na baadaye, alipokwisha kuingia garini, "Mkono wangu haurudi kwa hili."

"Najua."

"Kesho nitapita. Nitakusalimu."

Gari liliondoka bila kugonga. Lilipita mashimo yote ya barabara kimya kimya, na kuanzia siku ile watu wa mtaa hawakuweza tena kujua kwa masikio kwamba mahali fulani mtoto anazaliwa.

Boljointi ile iko hadi leo chini ya bati, imening'inizwa kwa waya. Wanaouliza huambiwa. Wengine huamini, wengine huenda kwa seremala kuuliza, na seremala husema alichosikia, kwa sababu hajasikia kingine. Mkunga amesema upande wake, lakini mkunga hakuwepo langoni siku ile. Aliyekuwepo na akasikia yote ni mmoja.

Huyo ndiye mdaiwa, kaka yake, mtoto wa baba yake na mama yake. Haambiwi atoe shamba wala gereji. Anadaiwa maneno haya: shusha gari kwanza, likisimama ndio ukaze. Ayaseme uwanjani kwake, mchana, msumeno ukiwa umezimwa. Kwa mume wa mkunga amechelewa, na deni hilo halitalipika tena. La dada yake bado lipo.